Deki Ikidai Haina Diski

Deki ya DVD ikigoma, wengi wetu hukimbilia bisibisi. Mimi naandika programu za kompyuta, na kazini tuna kanuni moja inayofaa hata sebuleni: usirekebishe chochote kabla hujajua kilichoharibika ni kipi. Tenganisha, kisha pima kimoja kimoja.

Deki ninayoizungumzia iko kwa nyanya yangu, Nyamira. Ana DVD moja tu anayoijali, ya harusi ya mjomba mwaka 2008. Mwishoni mwa sherehe babu alisimama akawabariki maarusi kwa Ekegusii. Babu alifariki 2014, na sauti yake haikuhifadhiwa mahali pengine popote. Nyanya alinipigia simu: "Mjukuu wangu, hii mashine imekataa kunionyesha babu yako." Jumamosi nikapanda matatu kutoka Kisii mjini.

Haya, tuanze na waya. Runinga yake ya zamani iliunguzwa na radi, ambayo kwenye vilima vyetu si mgeni, akanunuliwa ile bapa. Nyuma ya deki kuna matundu matatu: la njano ni la picha, jeupe ni sauti ya kushoto, jekundu ni sauti ya kulia. Runinga mpya haina tundu la njano. Ina la kijani, linalopokea picha za aina mbili. Nikachomeka waya wa njano hapo, picha ikaja bila rangi. Hapa ndipo deki hulaumiwa bure. Chukua rimoti ya runinga, chagua AV badala ya Component. Rangi zikarudi.

Sasa diski. DVD ya nyimbo za injili iliyonunuliwa dukani ilicheza bila shida. Ya harusi ilizungushwa weee, kisha deki ikaandika kwamba hakuna diski. Kwa nini? DVD ya dukani hupigwa chapa kiwandani. Ya harusi huchomwa kwa kompyuta, na hurudisha mwanga mdogo zaidi kwenye lenzi. Lenzi yenye vumbi au iliyochoka inaweza kusoma ile ya kwanza na kushindwa na hii ya pili.

Nikachomoa waya wa stima, nikafungua kifuniko, nikapangusa lenzi polepole kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Usiichungulie lenzi deki ikiwa imewashwa, ile ni leza. Diski nayo niliifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Data imeandikwa kwa mzunguko. Mkwaruzo unaokata njia hiyo deki huweza kuusahihisha, lakini unaoifuata hula data nyingi mfululizo.

Ikasoma! Harusi ikaenda vizuri mpaka wakati wa chakula, kisha picha ikaganda. DVD huandikwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hivyo mwisho wa filamu uko ukingoni, pale vidole hushika. Pale alipo babu.

Sikuilazimisha deki. Nilitumia laptop na programu ya bure iitwayo ddrescue. Hunakili kwanza sehemu zilizo nzima, halafu huzirudia zile sugu, na huweka kumbukumbu ya ilipofika. Usiku huo stima ilipotea na laptop ikazimika, lakini iliporudi kazi iliendelea pale pale ilipoachia.

Asubuhi tukatazama. Sura ya babu ilikuwa imevunjika vipande vya mraba, lakini sauti ilisikika yote isipokuwa sentensi moja. Nyanya akasema, "Hiyo ninaijua," akaitamka mwenyewe. Nikairekodi kwa simu, nikaiweka kwenye folda moja na filamu.

Kwa hivyo, kama kwenu kuna DVD ya harusi au ya mazishi, usingoje ikwame. DVD ya kawaida ina GB 4.7, flashi ya GB 8 inaimeza yote. Weka nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti. Deki nyingine unaweza kununua.