Mwenzi Wako Akiwa Mkutanoni Arusha

Si jambo la ajabu kwa ofisa wa serikali, wa polisi au wa jeshi kutumwa Arusha, Tanzania, kuhudhuria mkutano, na mkewe au mumewe akaamua kufuatana naye kwa fedha za nyumba yao. Uamuzi huo ni mwema, kwa kuwa likizo zetu ni chache. Lakini safari isipopangwa, mmoja hushinda ukumbini na mwingine hushinda hotelini akitazama ukuta, na nauli huwa imepotea bure.

Jambo la kwanza ni kuheshimu kazi. Ratiba ya mkutano isomwe na wote wawili kabla ya sanduku kufungwa. Siku za nyongeza ziombewe ruhusa kwa maandishi; asiyepewa na arudi mara mkutano unapokwisha, kwani askari asiyeonekana kazini bila ruhusa huhesabiwa mtoro.

Siku za mkutano ni za mambo ya karibu. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, kina majengo matatu yaitwayo Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mwendo mfupi kutoka hapo lipo Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe. Karibu na Mnara wa Mwenge yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha, azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Atembeleaye huko asubuhi aweza kurudi saa saba, akala chakula cha mchana pamoja na mwenziwe.

Ikiwapo siku moja ya mapumziko, nendeni Moshi, yapata kilomita 80. Mawingu yakitanduka mtauona mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa meta 5,895. Kwetu sisi Waganda mji huo una uzito mwingine: ni huko, mwezi Machi 1979, ambako wenzetu waliokuwa uhamishoni walikutana wakaunda UNLF, chini ya uenyekiti wa Profesa Yusuf Lule, majuma machache kabla ya Kampala kukombolewa.

Ngorongoro iachwe hadi mkutano umalizike. Ni mwendo wa kilomita 190 hivi, na bonde lenyewe lina kina cha meta 600. Mtu hawezi kwenda, akarudi usiku, kisha akaketi kikaoni asubuhi bila kusinzia. Chukueni hati za kuthibitisha uraia wenu, kwa maana raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio nafuu.

Mkisha, msirudi kwa njia mliyojia. Waliokuja kwa Nairobi na Namanga waweza kurejea kwa Mwanza, wakatazama makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, kisha wakashika njia ya Bukoba hadi Mutukula. Kabla ya mpaka mtavuka mto Kagera penye daraja la Kyaka, lililovunjwa na majeshi ya Amin mwezi Novemba 1978. Familia ya askari isipite hapo ikiwa usingizini.

Fedha nazo zigawanywe mapema. Nauli ya kurudi itengwe kwanza, katika bahasha yake. Kila mmoja awe na pasi yake na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Yakitimizwa hayo, mwenye kazi atafanya kazi yake kwa moyo mtulivu, na wote wawili watarudi na jambo la kuwasimulia watoto.