Leja Zilipokuwa na Mwenyewe

Siku za mavuno, njia zote za Mosocho, Kisii, zilielekea kiwanda cha kahawa. Akina mama walibeba magunia kichwani, vijana wakasukuma baiskeli zilizoelemewa, na mara nyingi giza liliingia foleni ikiwa bado ndefu, karabai ikawashwa juu ya mizani. Karani aliandika kilo mahali patatu: kwenye stakabadhi ya mkulima, kwenye karatasi ya siku, na baadaye kwenye leja ya mwanachama. Kisha mkulima alirudi nyumbani mikono mitupu. Fedha zingekuja miezi mingi baadaye, kahawa ikishakaushwa, ikakobolewa na kuuzwa mnadani Nairobi. Muda wote huo jasho lake lilikuwa maandishi tu. Yakipotea, naye amepotea.

Kahawa haikuwa jambo geni kwetu. Ilifika Kisii miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipokubali shingo upande Waafrika wa Kisii, Embu na Meru waipande. Baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ilipanda duniani kote, na msimu wa 1976 na 1977 ukawa gumzo hadi leo: nyumba za mabati, karo za shule, ng'ombe wa gredi. Kwetu sisi makarani fedha nyingi zilimaanisha karatasi nyingi. Nilipoajiriwa karani msaidizi katika chama kimoja cha ushirika, kabati za ofisi zilikuwa zimefurika. Kiwandani kwenyewe hapakufaa kuweka kitu: matangi ya kuoshea kahawa yalijaza unyevu hewani, na mvua ya Kisii haijui kiangazi kirefu. Kwa hiyo leja za misimu iliyofungwa zilihamishiwa ghala la kukodi mjini.

Ghala hilo lilikuwa chumba kimoja cha mawe nyuma ya safu ya maduka. Rafu zilikuwa za mbao, na ya chini kabisa iliinuliwa kiasi cha shubiri kutoka sakafuni kwa ajili ya maji na mchwa. Lakini uhai wa ghala haukuwa ndani ya ghala. Ulikuwa ofisini, kwenye kitabu cha masanduku: kirefu, jalada jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu. Kila sanduku lilikuwa na mstari wake. Namba ya sanduku, aina ya nyaraka, kiwanda, msimu, namba ya mwanachama wa kwanza na wa mwisho, rafu, tarehe ya kuingia, sahihi. Hakuna sanduku lililofungwa kwa kamba kabla mstari huo haujaandikwa, na nakala yake ikawekwa ndani, juu ya karatasi zote.

Leja ikitolewa, mahali pake paliwekwa kipande cha kadibodi nyekundu chenye jina la mchukuaji, tarehe na sababu. Ijumaa karani mkuu alihesabu kadibodi nyekundu na kuwafuata wenye majina. Hakumwogopa mwenyekiti wala mkaguzi. "Mwanangu," aliniambia nilipoanza kazi, "kilichotoka bila kuandikwa hakikutoka. Kimepotea."

Palikuwa pia na sanduku dogo la kadi za majina, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi hii inataka mtu anayewajua watu. Kwetu jina peke yake halimtambulishi mtu. Ombati walikuwa wengi, akina Nyaboke na Kerubo hata usiseme, na mjukuu hupewa jina la babu yake. Kwa hiyo kadi iliandikwa jina, jina la baba, kijiji, kisha namba ya uanachama. Na ikiwa shamba lilirithiwa, namba ya aliyetangulia. Ungeweza kuanza na jina la marehemu ukaishia kwenye ukurasa wa leja bila kufungua sanduku la pili.

Nakumbuka mama mmoja mjane aliyekuja na stakabadhi tatu alizozifunga kwenye ncha ya leso. Mumewe alikuwa amefariki, malipo ya kahawa hayakuwa yamefika, na kamati ya chama ilidai mzee hakuleta kahawa msimu ule.

"Tata," alimwambia karani mkuu, "sikuja kugombana na mtu. Nataka kujua tu kama mzee aliandikwa."

"Keti, mama. Kama alileta, aliandikwa."

Alivuta kadi, akasoma namba, akafungua kitabu cha masanduku, akanituma mjini. Kabla ya jioni nilirudi kwa matatu, leja mapajani. Kilo zililingana na stakabadhi zote tatu. Mama alilipwa.

Utaratibu ule ulivunjika vyama vilipovunjika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 iliiondoa serikali katika usimamizi wa karibu wa vyama, na katika sehemu nyingi za kahawa vyama vikubwa vikagawanyika, kila kiwanda kikitaka kujitegemea. Marekebisho ya 2004 yalirudisha uangalizi, lakini kwetu mgawanyo ulikuwa umekwisha fanyika. Waligawana mizani, madawati na madeni. Leja nazo ziligawanywa, kila upande ukachukua masanduku uliyoyaona ni yake. Kitabu cha masanduku hakikugawika, na kwa kuwa hakikuwa cha upande wowote, hakuna aliyekitunza. Kadi za majina zilitawanyika. Masanduku yakabaki, yamejaa watu, bila mlango wa kuingilia.

Siku hizi kuna kampuni zinazotunza nyaraka za watu kwa kodi ya mwezi. Kijana wa jirani yangu alipokuwa akishughulikia urithi wa babu yake, na barua ya chifu mkononi, aliambiwa karatasi za zamani zimepelekwa kwa kampuni ya namna hiyo jijini. Aliuliza huko. Alijibiwa kwa adabu kwamba masanduku yapo salama, anataka namba gani? Orodha iliyoandamana na masanduku ilikuwa na maneno mawili yaliyorudiwa toka juu hadi chini: nyaraka mchanganyiko.

Siichukii mashine ya kampuni kama hiyo. Kibandiko chenye mistari myeusi kinaposomwa, kinaeleza sanduku liko jengo gani, rafu gani, lilitoka lini na kwa idhini ya nani. Hiyo ni kadibodi nyekundu isiyosahau, na karani mkuu wangu angeipenda. Ila mashine inalijua sanduku, haiyajui yaliyomo. Kilichomo kinajulikana kwa aliyelifunga, naye asipokiandika siku hiyo, hakuna teknolojia itakayomsaidia mjukuu.

Wakenya tuna ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, Waingereza walisafirisha kwao takriban faili 1,500 za Kenya ndani ya masanduku 300 hivi. Serikali yetu iliziomba mwaka 1967, ikakataliwa. Zilikaa miongo mingi nje ya orodha ambayo umma ungeweza kuisoma, mwishowe kwenye jengo la serikali ya Uingereza huko Hanslope Park, mbali na hifadhi yao ya taifa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki Uingereza, ushahidi wa wanahistoria, miongoni mwao David Anderson, uliwalazimu Waingereza kukiri kuwa nazo, pamoja na maelfu ya faili za makoloni mengine. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia walalamikaji 5,228. Karatasi zilikuwepo miaka yote. Wazee wengi walikufa zikingali rafuni.

Sheria zetu za leo zinadai nyaraka zitunzwe. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara aweke kumbukumbu kwa miaka 5, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Lakini haki ya kuomba karatasi isiyopatikana ni haki ya maneno. Wala sisemi kila kitu kiwekwe milele. Kinachopaswa kuchomwa kichomwe, mradi orodha ya vilivyochomwa ibaki na sahihi mbili chini yake.

Kwa hiyo nawasihi wanaosimamia vyama vya kahawa na majani chai, sako, shule na makanisa ya Kisii: msipeleke sanduku popote kabla hamjaandika ni la idara gani, la mwaka gani, linaanzia namba ipi hadi ipi, nani amelifunga na lini litafunguliwa au kuharibiwa. Orodha hiyo iwe na nakala mbili, moja ikae nyumbani kwenu, si kwa mwenye ghala. Mpeni mtu mmoja mwenye jina jukumu la kuilinda, na akistaafu aikabidhi mbele ya mashahidi. Mkulima aliyeleta kahawa yake akaandikwa ametimiza sehemu yake. Kumpata tena kitabuni ni deni letu.