Taa ya Jua Katika Dungu la Ndundu

Ikiwa uliwahi kusafiri kwenda Lindi au Mtwara kabla ya mwaka 2003, bila shaka unaikumbuka Ndundu. Hapo ndipo palipokuwa na kivuko cha Mto Rufiji. Mto ulipofurika, mabasi yalikwama, na akina mama walilala kando ya barabara na watoto wao. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilimaliza adha hiyo. Leo abiria wengi hupita Ndundu bila hata kuchungulia dirishani.

Mimi nilishuka. Nilikwenda kumwona bibi mmoja mkulima wa mpunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Panda ngazi, uione taa yangu."

Tulikuwa shambani, kwenye dungu lake. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa nyasi. Msimu wa kilimo, familia huhamia humo ili kuulinda mpunga dhidi ya ndege mchana na nguruwe usiku. Maji yakija, hupita chini.

Zamani bibi alimulika kwa koroboi. Usiku mmoja upepo uliiangusha na nyasi zikashika moto. Wajukuu waliokolewa, lakini mbegu na madaftari ya shule viliteketea.

Aliuza mbuzi akanunua sola kwa ajili ya nyumba yake ya kijijini. Fundi aliipigilia paneli juu ya bati, chini ya tawi la mwembe, akachukua fedha zake akaondoka. Kila adhuhuri kivuli kiliifunika. Betri, iliyokuwa ya gari, haikujaa hata siku moja. Baada ya miezi michache ikafa.

Mara ya pili bibi aliuliza kwanza. Paneli yake ya sasa ni ya wati 20 tu, nayo hubebeka: msimu ukiisha, hurudi nayo kijijini. Ameifunga kwenye mti ulio mbali kidogo na paa la nyasi, imeinama kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta. Kila asubuhi huipangusa vumbi. Betri ni ya sola, imewekwa juu ya ubao penye hewa, na ina kidhibiti cha chaji ili isijae kupita kiasi wala kuisha kabisa. Taa mbili za wati tatu humtosha jioni nzima, na simu hupata chaji.

Nilikumbuka kwamba mwaka 2011 akina mama wa vijiji vya Lindi na Mtwara walikwenda Tilonia, India, wakajifunza kufunga na kutengeneza sola. Kumbe kazi hii si ya wanaume peke yao!

Juu ya mto huu huu, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo, nguzo za umeme haziwezi kulifuata kila dungu.

Basi mama, kabla fundi hajaondoka, muulize: kivuli kitapita wapi saa sita? Betri hii ni ya nini? Nani atanifundisha kuitunza?

Jua lilipozama, mjukuu alifungua daftari jipya. Bibi akabonyeza swichi.