Gari Lisilonguruma

Gari letu jipya lilifika seminarini mwishoni mwa Mei. Tunasema jipya kwa maana ya kwetu, maana huko Japani lilikuwa limekwisha kutembea kilomita 41,000 kabla ya kupakiwa melini. Ni haibridi, gari la juu kidogo linaloweza kupita barabara za vigangoni, na jina lake hatulitaji tusije tukaonekana tunatangaza biashara. Fedha zilichangwa kwa miaka miwili na wazazi wetu, parokia za jirani na akina mama wa WAWATA waliouza maandazi kila Jumapili baada ya Misa. Kwa hiyo wanastahili kusikia habari zake zote, pamoja na ile ambayo kwa siku mbili hatukuisema.

Tulikwenda kulichukua Dar es Salaam, mafrateri wawili pamoja na dereva wetu, mzee ambaye ameendesha Land Cruiser ya seminari tangu baadhi yetu hatujazaliwa. Kwenye foleni ya Kimara injini ilinyamaza. "Limezima!" akasema Baba, akaanza kutafuta mahali pa kusogea pembeni. Foleni ilipotembea, gari nalo likatembea, kimya kabisa, na Baba akacheka mpaka Kibaha.

Kwa wasiolijua gari la namna hii: lina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Halichomekwi popote. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, ndiyo maana mjini linakula mafuta kidogo kuliko unavyotarajia. Si jambo geni sana. Toyota walianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997. Sisi ndio tuliochelewa. Kutoka Dar hadi Iringa, karibu kilomita 500, tulitumia lita 31 za petroli. Land Cruiser hula zaidi ya 60 za dizeli kwa njia hiyo hiyo. Padre Mhasibu alizisoma risiti mara mbili.

Kupanda Kitonga injini ilinguruma kama injini nyingine yoyote. Kushuka, katika safari ya pili, ndiko kulikotufundisha. Nusu ya mlima betri ikajaa, ikawa haipokei tena, na Baba ndiye aliyegundua kwamba ukivuta gia kwenye herufi B, injini inasaidia kulishika gari bila kuchosha breki. Sisi tulikuwa na kitabu cha maelekezo mkononi, tunatafuta ukurasa. Kosa letu la kwanza pia lilitokea safari hiyo: tulipanga viroba vya maharage juu ya kiti cha nyuma tukaziba tundu la hewa inayopoza betri. Taa ya onyo ikawaka, fundi akatuonyesha, tukahamisha viroba. Basi.

Kosa la pili si la kupita haraka.

Walioishi Iringa wanaijua baridi ya Juni. Jumamosi moja, baada ya Masifu ya Jioni, sisi wawili tulihamisha gari kutoka uwanjani na kuliingiza kwenye ghala la zamani tunalolitumia kama gereji. Tuliwasha kipasha joto kwa ajili ya mikono yetu. Tulipofika ndani tukaweka gia kwenye P, tukasikia kimya, tukashuka. Ufunguo tuliuacha pale pa kuwekea kikombe. Tukafunga mlango wa gereji.

Gari halikuwa limezimwa. Taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi ilikuwa inawaka, nasi hatukuitazama. Kipasha joto cha gari hili hutegemea maji ya moto ya injini, hivyo injini ikawa inajiwasha, inapumzika, inajiwasha tena, usiku kucha. Chumba cha mlinzi kimepakana na gereji hiyo, na ukuta wa kati haufiki darini. Sumu iliyo katika moshi ule ni ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu.

Saa tisa usiku frateri mmoja aliyetoka kwenda chooni alisikia injini ndani ya gereji iliyofungwa, akadhani ni mwizi. Alimkuta mlinzi ameketi kizingitini, anatapika, kichwa kinamuuma, hajui ni siku gani. Tulifungua milango yote, tukasubiri, kisha tukampeleka hospitali kwa gari hilo hilo. Land Cruiser haikuwa na betri. Alilazwa siku mbili. Alipona.

Asubuhi Padre Gombera aliuliza nani aliliegesha. Kabla hatujafungua mdomo, meza nzima ilishajibu: ni Baba, magari haya ya kisasa hajayazoea. Naye Baba, ambaye alikuwa ameliendesha mchana ule, akasema taratibu, "Huenda nimesahau. Umri huu." Akanyang'anywa ufunguo. Tukakabidhiwa sisi, kwa kuwa tulikuwa tumesoma kitabu.

Tuliupokea. Hilo ndilo tulilotaka kuandika hapa. Tuliupokea, tukala chakula cha mchana, tukacheza mpira.

Jumatatu jioni tulimfuata nyuma ya jiko, anaosha Land Cruiser.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, wanangu."

Tukamweleza. Hakuacha kuosha. "Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele," alisema. "Miguu yangu haiingii pale." Kumbe alijua tangu Jumapili. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alitutuma tumletee maji mengine.

Usiku huo tulikwenda kwa Padre Gombera, naye alituambia mambo ambayo yatabaki ofisini kwake. Mlinzi hakutuitikia salamu kwa wiki nzima, na hatukumlaumu.

Gereji sasa haina mlango; mbao zake tumezifanyia banda la kuku. Kama nyumbani kwenu au parokiani mna gari la namna hii, msisikilize injini. Tazameni taa, na ufunguo utoke mfukoni mwa dereva. Ufunguo wetu amerudishiwa Baba. Kila usiku kabla ya kwenda kulala hupita gerejini na kuweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kitambo.