Mtu Mzima Mbele ya Mungu

Mtoto mdogo akichomwa na mwiba humlilia babaye. Akiona njaa humlilia. Akiogopa giza humlilia. Hakuna amlaumuye. Lakini mwana akiisha kuoa na kujenga nyumba yake, naye bado haonekani kwa babaye ila siku ya dhiki, watu husema kwamba hakumpenda mzee, alipenda msaada wake tu.

Wanadamu nao wamemwendea Mungu vivyo hivyo. Zamani ndui ilipoingia kijijini au mahindi yaliponyauka, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Leo mkulima ana mbegu zivumiliazo ukame (ingawa mvua yenyewe bado haijapata bwana), na ndui ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imekwisha duniani. Je, Mungu amebakiwa na kazi gani?

Swali hilo lilimshughulisha sana mchungaji wa Kijerumani, Dietrich Bonhoeffer, wala hakulifikiria katika starehe. Alikamatwa na serikali ya Hitler Aprili 1943, akatiwa katika gereza la Tegel mjini Berlin. Humo alimwandikia rafiki yake Eberhard Bethge barua, ambazo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1951. Alisema ya kwamba ulimwengu umekwisha kuwa mtu mzima, na ya kwamba si vema kumfanya Mungu kiraka cha kuziba matundu ya ujinga wetu. Maana maarifa yakizidi, matundu hupungua, na Mungu husukumwa hatua kwa hatua mpaka ukingoni mwa shamba. Alitaka Mungu ajulikane katika yale tuyajuayo, na katika afya na nguvu na kazi, si katika ugonjwa na mauti tu.

Maneno hayo ni mepesi kwa aliyeshiba. Yeye yalimpima Januari 1944, wakati ndege zilipokuwa zikiangusha mabomu. Watu walikuwa wamelala sakafuni gerezani, na mmoja wao, mtu wa mzaha siku zote, akaanza kumwita Mungu kwa hofu. Mchungaji mwingine angalisema: saa yangu imefika. Bonhoeffer hakumhubiria. Alitazama saa yake ya mkononi, akamwambia kwamba haitazidi dakika kumi. Huenda mtu yule alihitaji sala kuliko saa, na msomaji aweza kumwona mchungaji huyu kuwa mkavu wa moyo. Lakini hakutaka kumvizia mtu katika udhaifu wake, kama mchuuzi apandishaye bei siku ya njaa. Alikumbuka kwamba Yesu naye msalabani hakuwahubiria wale wevi wawili. Mmoja wao ndiye aliyemgeukia.

Basi kukua huko si kiburi. Asemaye kwamba amekua na hamhitaji baba angali mtoto, tena mkaidi. Wala si elimu peke yake, kwa kuwa Ujerumani ya siku zile ilikuwa na wataalamu tele, na utaalamu huo ukatumika kujenga makambi ya kuulia watu. Kwa Bonhoeffer, mtu mzima ni yule achukuaye dhamana mbele ya Mungu, bila kumtuma Mungu kazi aliyoachiwa yeye. Juni 1939 alikuwa New York, salama. Mwezi uliofuata alirudi kwao, vita vikiwa mlangoni, kwa sababu hakuona haki kuijenga nchi yake baadaye ikiwa hakushiriki taabu yake. Akaingia katika njama za kumwondoa Hitler, naye hakujidai kuwa mikono yake ni safi. Bomu la tarehe 20 Julai 1944 lilishindwa. Kesho yake aliandika tena barua, juu ya kujifunza kuamini kwa kuishi kabisa katika dunia hii, pamoja na kazi zake na kushindwa kwake.

Jumapili, tarehe 8 Aprili 1945, wafungwa wenzake katika kijiji cha Schönberg walimwomba awaongoze katika ibada. Alisita, kwa kuwa wengi wao walikuwa Wakatoliki, na mmoja alikuwa Mrusi asiye na dini. Mrusi yule naye akaomba ifanyike. Ndipo alipokubali. Ibada ilipokwisha tu, walinzi walikuja kumchukua, na alfajiri iliyofuata akanyongwa huko Flossenbürg, akiwa na umri wa miaka 39.