Nguo ya Ukutani Katika Chumba cha Kulala

Ukiingia katika nyumba nyingi za vijijini mwetu, utaona kwamba mapambo yote yamewekwa sebuleni. Viti vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, ukutani zimetundikwa picha na kalenda, na juu ya meza yako maua ya karatasi. Walakini ukivuka pazia ukaingia chumba cha kulala, huoni kitu ila kitanda, sanduku, kamba ya nguo na ukuta mtupu. Tukiwauliza wenye nyumba sababu yake, wengi hujibu, "Chumbani haingii mgeni." Neno hili ni kweli, lakini tumelifikiri sana, nasi twaona ya kuwa ndilo hasa lipasalo kutufanya tukipambe chumba hicho. Maana ndimo alalamo mgonjwa. Ndimo mzazi alalamo na mtoto wake mchanga. Ndimo mzee akaamo siku asipoweza kutoka. Mgeni hukaa sebuleni saa moja akaenda zake, bali mgonjwa huutazama ukuta kutwa kucha.

Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya nguo ya ukutani iliyochorwa kwa mkono, jinsi ifanyikavyo kwa fedha kidogo, na jinsi ilivyotufaa sisi wenyewe.

Nguo za kutundika ukutani si jambo jipya. Zamani huko Ulaya wafalme na matajiri walifunika kuta zao za mawe kwa nguo nzito zilizofumwa kwa nyuzi za sufu na hariri, zenye sura za watu na wanyama. Kufuma moja kuliwachukua mafundi muda mrefu sana, na bei yake haikuwezekana kwa mkulima. Kwa hiyo watu wa hali ya kati walijitafutia njia yao: walitwaa kitambaa, wakakichora kwa rangi, wakakitundika. Katika Uingereza ya karne ya 16 nguo za namna hii zilikuwa nyingi. Robert Arden, mkulima, aliyekuwa babu yake Shakespeare kwa upande wa mama, alipofariki mwaka 1556 mali zake ziliandikwa, na miongoni mwake zilikuwamo nguo 11 za kuchorwa. Huyu hakuwa mfalme, naye hakuona haya kutundika rangi mahali ambapo tajiri alitundika hariri.

Hata kwetu Tanzania tunao mfano ulio karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini, alipoanza kuchora picha Dar es Salaam mwaka 1968, hakungoja mpaka apate vifaa vya wachoraji wa ng'ambo. Alitwaa vibao vya kujengea dari na rangi za kupakia baiskeli, akachora ndege na wanyama. Alifariki mwaka 1972, lakini leo namna ile ya kuchora huitwa kwa jina lake. Mtu akitumia kilicho karibu na mkono wake, kazi haikosi kwenda.

Sisi tuliijia kazi hii kwa haja. Mwaka 2019 mama yetu mzazi, aliyekuwa akikaa kwetu, aliteleza njiani akitoka kisimani, akavunjika mfupa wa paja. Aliporudishwa nyumbani kutoka kwa waganga aliagizwa kulala kwa majuma mengi. Mama huyu alizoea kuamka alfajiri na kushika jembe. Sasa akawa hana la kufanya ila kuutazama ukuta wa udongo ulioingia nyufa. Siku ya kumi alituambia, "Mwanangu, nyufa hizi nimekwisha kuzihesabu zote." Alisema kwa kucheka, walakini mwenzetu wa nyumbani alitoka nje akafuta macho.

Siku zile akapita mchuuzi mwenye nguo za ukutani za kiwandani, nzito na laini kama manyoya, zenye picha ya paa wa nchi za baridi wakinywa maji katika theluji. Alitaka shilingi 85,000, naye alikuwa radhi kulipwa kwa mafungu. Tulikuwa tayari kumwuza mbuzi mmoja ili tutoe fungu la kwanza. Tukaileta nguo chumbani, mama akaitazama kwa adabu, kisha akasema, "Ni nzuri. Lakini wanyama hawa siwajui, na mahali hapa sijapata kufika. Mbuzi mwacheni azae." Tukamwuliza, "Mama, ungependa kuona nini?" Akajibu bila kufikiri, "Liuli."

Liuli ndiko alikozaliwa, katika pwani ya mashariki ya Ziwa Nyasa. Hapo pana jiwe kubwa majini, ambalo Wajerumani walipotawala waliona linafanana na ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Mama hakuijua habari ya Misri. Yeye alilijua jiwe. Basi tukaazimia kumletea jiwe lake na ziwa lake ukutani.

Sasa tutaeleza kazi yenyewe. Tulinunua mita 2 za amerikani nzito isiyopaushwa. Wazee waliiita amerikani kwa kuwa katika karne ya 19 ililetwa Unguja na merikebu za Marekani, hasa kutoka mji wa Salem. Tuliifua kwa maji ya moto na sabuni ili ile dawa ya kiwandani itoke na nguo irudi kabisa kabla ya kuchorwa. Kisha tukaishona kwa uzi wa katani katika mbao za kitanda kikuukuu kilichokatika kamba, tukaivuta pande zote mpaka ikalia kama ngoma ikigongwa kwa kidole.

Kwanza tuliipaka maji ya gundi nyeupe ya maseremala, gundi sehemu 1 na maji sehemu 5, tukaiacha siku moja ikauke. Hii huzuia rangi isinywewe na kutawanyika. Wengine hutumia uji wa wanga wa muhogo; nao wafaa, ila mende na panya huupenda, basi afadhali gundi.

Rangi nyingi hazikununuliwa. Udongo mwekundu tuliutoa katika kichuguu, na wa manjano katika ukingo wa mto. Kila udongo tuliutwanga, tukautia katika ndoo ya maji na kuukoroga. Mchanga ulipozama, tukamimina yale maji ya tope katika chombo kingine, tukayaacha yatulie. Tope laini lililobaki chini ndilo tulilolianika na kulisaga. Nyeusi ni mkaa uliosagwa. Buluu ni ule unga utiwao katika maji ya kusuuzia nguo nyeupe, na ukichanganywa na udongo wa manjano hutoa kijani kama cha majani ya kiangazi. Nyeupe tulinunua kopo dogo la rangi ya maji ya kupakia kuta. Kila unga tuliuchanganya na gundi na maji kidogo, unga sehemu 2 kwa gundi sehemu 1, mpaka ukawa kama uji mwepesi. Majaribio yake ni haya: paka katika kipande cha nguo, kikauke, kisha sugua kwa kidole. Rangi ikitoka kama vumbi, ongeza gundi. Ikipasuka unapokunja, umepaka nzito mno. Brashi zetu zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha, na kwa mistari myembamba unyoya wa kuku.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: amerikani shilingi 8,000, gundi 3,500, rangi nyeupe 5,000, buluu 1,000. Jumla shilingi 17,500, wala mbuzi hakuuzwa.

Kuchora kulituchukua jioni tisa, baada ya saa za shule. Tuliisimamisha nguo mbele ya kitanda, naye mama akaongoza kazi kwa fimbo yake. Tulianza na vya mbali: mbingu, kisha maji, kisha jiwe, na mwisho pwani na miti. Alitwambia mahali pa kila kitu: mitumbwi hulazwa hapa mchangani, chanja za kuanikia usipa ziko kule, na jua, maadamu pwani ile hutazama magharibi, huzama ndani ya maji. Watoto waliokuwa wakimwogopa bibi yao kwa sababu ya ugonjwa walianza kuja mmoja mmoja, wakakaa mkekani wakauliza maswali.

Jioni ya saba alituomba tuchore mtumbwi mmoja mbali majini, peke yake, karibu na jua. Mwenzetu akamwuliza ni wa nani. Hakujibu. Kesho yake, watoto walipokwisha kulala, alitueleza kwamba alikuwa na kaka aliyekwenda kuvua usiku wa upepo wa mwera, wala hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Alitutajia jina lake. Sisi tumezaliwa na mama huyu, tumekula naye miaka yote, na jina hilo hatukupata kulisikia. Tuliuchora mtumbwi ule polepole, na mwenyewe akatuonyesha namna kaka yake alivyozoea kukaa, ameinama kidogo upande wa kushoto. Tangu siku ile alilitaja jina lake mara nyingi, na mtoto wetu aliyezaliwa baadaye ndiye aliye nalo.

Mama alipona, naye sasa hutembea kwa mkongojo. Nguo ingaliko ukutani. Hatusemi kwamba nguo iliunga mfupa, maana hiyo ilikuwa kazi ya waganga na ya siku. Twasema tu kwamba wakati ule mrefu haukuwa mtupu.

Yako mambo machache ya kuangalia. Pindeni ukingo wa juu, mtie mwanzi, mtundike kwa kamba ili nguo isigusane na ukuta wenye unyevu. Isiwe karibu na kibatari wala mshumaa, maana hushika moto upesi. Msiifue, ikunguteni nje kila mwezi. Tena msitumie mabaki ya rangi za mafuta za zamani, kwa kuwa nyingi zilitiwa madini ya risasi, nayo hudhuru hasa watoto.

Watu wengine watasema, "Sisi hatujui kuchora." Walakini mama hakututaka tuwe mafundi. Alitaka jiwe liwe mahali pake na jua lizame upande wake, na hayo yeyote aweza kuyafanya akiongozwa na mwenye kukumbuka. Wakati ufaao ni kiangazi baada ya mavuno, siku ambazo rangi hukauka upesi na jioni hazina kazi nyingi. Kabla hamjanunua kitambaa, ingieni chumbani mwa mzee wenu, kaeni kitako, mkamwulize angependa kuona nini.