Mafia: kisiwa ambako hata geji ya boti hutoka jasho

Kama wewe ni kijana wa Dar na hujawahi kukanyaga Mafia, nikudokeze kitu mapema: kule utagombana na unyevu. Chumvi mezani inaganda kama jiwe, ndiyo maana mama ntilie wanatia punje za mchele kwenye kikopo. Biskuti ukiifungua asubuhi, jioni inakunjika kama chapati. Mimi nilirudi Kariakoo na viatu vimeota ukungu, washikaji wakacheka mpaka basi.

Wacheke tu. Unyevu huo huo unaolainisha biskuti nusura unitoe Mafia kwenda bahari kuu bila kupenda. Sikia mkasa wenyewe.

Kwenda Mafia kuna njia mbili. Wenye nazo wanapanda ndege pale Dar, hawajamaliza hata soda wameshafika. Sisi wengine tunapanda basi Mbagala Rangi Tatu, tunapita Mkuranga mpaka Bungu, tunakata kushoto kuelekea Nyamisati. Hapo unaingia kwenye boti, unaiacha mikoko ya delta ya Rufiji, unavuka hadi Kilindoni. Ukishuka Kilindoni unapanda bodaboda, unakatiza kisiwa mpaka Utende, upande wa mashariki. Huko ndiko kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini.

Mbele ya Utende kuna ghuba, na ndani ya ghuba kuna kisiwa cha Chole. Nenda ukaone magofu ya mji wa kale, popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa, na mafundi wa majahazi wanaopiga misumari kwa mkono. Pembeni kuna Juani, halafu Jibondo, kwa wavuvi hasa. Mimi nilitaka kufika Jibondo. Hapo ndipo kimbembe kilipoanzia.

MAFUTA YAPO!

Nilidandia boti ndogo ya fiba yenye mashine nyuma. Tulikuwa abiria sita. Karibu na usukani palikuwa na geji tatu: ya mzunguko wa mashine, ya betri na ya mafuta. Mbili zilisomeka. Ya mafuta ilikuwa imejaa ukungu kwa ndani, kioo cheupe pe, mshale huuoni.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu na ndoo yake akauliza, "Mwanangu, hiyo saa yako mbona inalia machozi?"

Nahodha akaigonga kwa kidole. Ukungu ukaachia kidogo, mshale ukachungulia katikati. "Umande tu huo mama, jua likipanda unakauka. Si unaona? Nusu tangi. Mafuta yapo."

Tukaenda. Siku ile ilikuwa ya bamvua na maji yalikuwa yanatoka. Njiani kuna mlango ambako maji ya ghuba yanakimbilia Bahari ya Hindi kama watu wanaogombea daladala. Tulipokaribia pale, mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Nahodha akavuta kamba, kimya. Akavuta tena, kimya. Boti ikaanza kwenda yenyewe, na haikuwa ikielekea Jibondo.

Yule mama akaanza kusoma dua. Nahodha, sifa yake nampa, hakupoteza muda: alitupa nanga. Ikaburura, ikaburura, mwisho ikashika. Tukakaa pale tukiyaangalia maji yanavyopita ubavuni, mpaka mashua moja ya tanga iliyokuwa ikirudi Jibondo ikatusogelea na dumu la petroli. Tangi letu lilikuwa kavu. Nusu ya geji ilikuwa hewa.

KWA FUNDI

Kesho yake nikamkuta nahodha yule Kilindoni kwa fundi mmoja wa mashine, mtu mzima mwenye kofia ya mkono. Geji ilikuwa mezani. Nikatoa shikamoo, nikaomba nami nijifunze. "Marahaba. Kaa hapo, usishike kitu," akanijibu.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Geji nyingi za boti hazikuzibwa kabisa, zina upenyo mdogo wa kupumulia. Mchana jua linaichemsha dashibodi, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku ukiingia, au wimbi likikimwagia kioo maji, hewa inasinyaa na geji inavuta nyingine kutoka nje. Hewa ya Mafia unaijua, ni kama imetoka kufuliwa. Kioo kikipoa, mvuke unageuka matone. Ni kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani, ila hapa jasho liko upande wa ndani.

"Kupumua si ugonjwa," mzee akasema. "Ukungu ukija alfajiri na saa nne umekwisha, uache. Ugonjwa ni maji."

Dalili za ugonjwa ni hizi: matone yanashinda mchana kutwa, kunaonekana mstari mweupe wa chumvi, kutu inaanza, mshale unakuwa mzito. Hapo ujue maji yamepenya. Huenda raba ya kuzunguka kioo imekauka kwa jua, kioo kimepata ufa, au kuna mtu anayeosha boti kwa mpira wa presha akiielekeza dashibodi. Na chumvi ikishaingia haikuachii, maana inavuta unyevu yenyewe. Utaikausha leo, kesho geji inalia tena.

Mzee akaishika geji ile, akaiunganisha na betri ya mezani, akawa anabadilisha vipimo. Mshale haukutikisika. Ulikuwa umegandia kwenye nusu, kutu imeukamata shingoni. Kwa hiyo hata kioo kingekuwa safi kama cha duka la sonara, nahodha angesoma nusu tangi siku hiyo, na keshokutwa yake pia. Ukungu ulikuwa unatoa taarifa, yeye akaudhani umande.

Nahodha aliinamisha kichwa. Mzee hakumfokea, alimwambia tu, "Nunua nyingine, hii nitabaki na skrubu zake."

FANYA HIVI, USIFANYE VILE

Kwa geji ambayo haijaliwa na chumvi, dawa ipo. Kwanza chomoa waya wa betri. Piga picha kwa simu uone kila waya ulikokaa, ndipo uitoe geji. Itie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya punjepunje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Viwe vipya, maana vya zamani vimeshashiba unyevu. Iache siku mbili tatu. Irudishe adhuhuri ya siku kavu, na raba mpya.

Nikauliza, mchele je, si ndio wanaotia mama ntilie? Mzee akacheka. "Kwenye chumvi sawa. Kwenye geji utaongeza unga tu. Mchele ule, mwanangu."

Usiiweke juu ya jiko la mkaa, plastiki itapinda. Usizibe upenyo wa kupumulia kwa silikoni, utakuwa umemziba mgonjwa pua na maji yamo ndani. Ukungu ukiwa mwepesi, washa taa ya geji kwa muda, joto lake linasaidia. Boti ikilala, funika dashibodi kwa turubai linalopitisha hewa, si nailoni ya kubana. Na chumvi ya juu ifute kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, basi.

Lililonikaa zaidi ni hili: mzee alisema geji ni msaidizi, haijawa shahidi. Tangi linalofikika, chovya kijiti kikavu uone mafuta yameishia wapi. Kijiti hakitoki jasho. Tangi likiwa chini ya sakafu, hesabu saa ambazo mashine imetembea, na dumu la akiba lisikosekane.

Msomaji wangu, kuanzia Oktoba hadi Machi wengi mnakwenda Mafia kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa mpole. Nendeni, raha yake si ya kusimuliwa. Ila kabla hujapanda boti, uliza jaketi la kuokolea liko wapi, kisha chungulia zile geji. Ukikuta moja inalia, usione haya, muulize nahodha: "Kapteni, mafuta umepima kwa nini?" Akikujibu "yapo", omba kukiona kijiti. Asipokuwa nacho, subiri boti nyingine ufukweni, ukinywa dafu lako.

Tukutane wiki ijayo.